Séverine wa Kideo

Wifi yangu Séverine alikuwa na mdomo. Sisemi kwa ubaya, nasema kama mtu anavyosema jirani yake ana ng'ombe. Mtu akipita anachechemea, kabla hajafika kwenye kona Séverine ameshachechemea nyuma yake na watoto wako chini kwa kicheko. Katekista Anicet akifundisha Jumapili asubuhi, jioni jikoni tunafundishwa tena, safari hii kwa sauti ya puani. Alimwigiza mwenye mashine ya kusaga, alimwigiza mkunga, aliwaigiza hata kuku. Mimi pia aliniigiza, mimi Spès, dada mkubwa wa mumewe, jinsi ninavyoingia kwenye nyumba ya watu macho yakiwa yametangulia kwenye sufuria. Nilinuna. Halafu nikacheka, maana ni kweli, huwa naangalia sufuria.

Alifika Mishamo, makazi yetu ya wakimbizi, akiwa msichana mdogo, tulipofika sisi sote, malori yalipotushusha msituni tukapewa majembe na kuambiwa hapa ndipo kwenu. Wazazi wake walibaki kule Burundi katika mauaji ya mwaka sabini na mbili, akalelewa na shangazi yake, mama mmoja mkali ambaye hata mbwa walimwamkia. Nadhani kipaji kile kilianzia huko. Mtoto asiye na mama hujifunza mapema kuwachekesha wakubwa ili wasahau kumchapa.

Akaolewa na mdogo wangu Callixte, mtu wa nyuki. Callixte alikuwa mkimya kiasi kwamba watu walisema Mungu aligawa vibaya nyumba ile: mmoja kampa maneno yote, mwingine kampa masikio. Lakini walipatana. Callixte alirudi kutoka msitu wa Ugalla kwenye mizinga yake akinuka moshi, akakaa kwenye kigoda, na Séverine akamsimulia kijiji kizima kwa mikono na miguu. Mdogo wangu alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mimi ndiye niliyemlea mtu yule, na sikuwahi kumfanya acheke hivyo.

Alikuwa na tabia moja tu ya kumkera mwanamke. Alikuwa akihesabu maharage.

Si kwamba tulikuwa na njaa. Maharage ya Mishamo yalijaza malori. Lakini kila jioni kabla sufuria haijawekwa jikoni, Callixte alichuchumaa mbele ya ungo, akahesabu punje kwa kidole, midomo ikichezacheza, akisogeza fungu la huyu na fungu la yule. Séverine alivumilia miaka. Aristide akazaliwa, Jeannine akazaliwa, na mafungu yakaongezeka. Kisha mwaka ule uliofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wageni wa upande wake walikuja, na Callixte akachuchumaa mbele yao akahesabu. Séverine akaona aibu ambayo hakuweza kuimeza. Kesho yake akafunga nguo zake akarudi kwa shangazi.

Kwetu jambo la namna hiyo hupelekwa kwa abashingantahe, wazee wa kusuluhisha. Mke anasema yote, mume anasema yote, hakuna kuficha, hata la chumbani linasemwa. Wazee wanaamua, kisha unaletwa mtungi wa pombe ya mtama, wagombanao wanachoma mirija yao humo na kunywa pamoja. Mtungi ukiisha, kesi imenywewa. Tangu hapo haitajwi tena. Sio na wewe, sio na mimi, sio na mlevi. Atakayeifukua anatozwa mtungi mwingine, na wazee wetu hawakuwa na mchezo na mtungi. Ndiyo maana watu walithubutu kusema kweli pale barazani. Walijua maneno yataishia tumboni mwa wazee.

Sasa siku ile ya kesi ilikutana na harusi. Katekista Anicet alikuwa amemwoza binti yake, naye kwa kupenda makubwa akamwita mpiga video kutoka Mpanda mjini, Apolinari, kijana mwenye kamera begani na fulana yenye maandishi ambayo hata yeye hakuyajua maana yake. Alikuwa na banda la video kule mtaa wa Nsemulwa, lenye jenereta, anaonyesha picha za karate na za Kihindi. Harusi iliisha, lori la kumrudisha likachelewa, akawa anazurura kijijini na kamera yake kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Akaona watu wamekusanyika kwa Callixte. Akauliza kama anaweza kupiga.

Mtu mwingine yeyote angesema hapana. Mchaga angesema hapana, Msukuma angesema hapana, hata mtoto angesema mambo ya ndani hayapigwi picha. Lakini sisi ni watu tulioondoka kwetu bila karatasi hata moja. Hati za mashamba, vyeti vya ubatizo, picha za marehemu, vyote viliungua au viliachwa. Mzee Methusela, mkubwa wa wasuluhishi wetu, alikuwa na ugonjwa huo kuliko wote. Chochote kilichoandikwa alikihifadhi, hata karatasi ya kufungia sabuni.

"Na apige," alisema. "Kule nyumbani babu zetu waliamua mambo makubwa, leo nani anakumbuka? Hii kanda itakaa. Wajukuu wataona wazee wao walivyokuwa wanaamua."

Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikuona ubaya. Tulidhani kanda ni kitu cha kuwekwa sandukuni pamoja na Biblia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameingia kwenye banda la video kuona inavyofanya kazi.

Basi Séverine akasimama. Alianza kwa kulia, akashindwa kueleza, na aliposhindwa kueleza akafanya kile alichokijua. Akachuchumaa. Akawa Callixte. Kidole kile, midomo ile, jicho lile la kurudi nyuma kuangalia kama kuna punje imetoroka. Akahesabu, akakosea, akajikuna kichwa, akaanza upya. Baraza lilivunjika mbavu. Mzee Methusela alijifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Callixte mwenyewe alicheka.

Kicheko kilipotulia, akasema. Mdogo wangu kwa mara ya kwanza alisema mbele za watu jambo ambalo hata mimi na yeye hatukuwahi kulisema tangu tuwe watu wazima. Alisema tulipokimbia, mama alikuwa na kifuko cha maharage, na msituni kila jioni alituhesabia kwenye kiganja, yangu, yake, na ya mdogo wetu aliyekuwa mgongoni. Akasema siku moja mama alihesabu, akafika kwenye kiganja cha tatu, akakumbuka kuwa tumemzika jana, akakaa ameshika zile punje asijue amrudishie nani. "Tangu hapo nikiona maharage lazima nihakikishe kila mtu yupo," alisema Callixte. "Sihesabu chakula, Mama Aristide. Nawahesabu nyie."

Sitasahau wifi yangu alivyokwenda pale chini akakumbatia magoti ya mumewe. Mtungi ukaletwa. Wakanywa vichwa vimegusana. Nilirudi nyumbani nikiimba, na mimi siimbi.

Kesi imenywewa. Ingeishia hapo, ningekuwa sina habari ya kusimulia, na ningefurahi kutokuwa nayo.

Apolinari alimletea Mzee Methusela kanda yake kama alivyoahidi, mzee akaifunga kwa kitambaa akaiweka sandukuni. Lakini kijana alibaki na nyingine kama hiyo. Siku moja filamu ya karate iligoma bandani, watu wakaanza kupiga kelele, naye akachomeka ya Callixte ili wanyamaze. Wakanyamaza. Kisha wakacheka mpaka mabenchi yakatoa milio. Kesho yake wakaja wengine wakiulizia ile ya maharage.

Nimefikiri sana kwa nini. Wale wa karate wanakufa, halafu wiki ijayo unawakuta wazima kwenye picha nyingine. Watu walishawazoea. Lakini huyu ni mtu kweli, ana mke kweli, na yuko Mishamo, ukichukua baiskeli utamkuta. Mtu wa Nsemulwa aliyegombana na mkewe asubuhi alikwenda pale mchana, akaona kuna mwenzake aliyeumbuka zaidi, akarudi nyumbani ametulia. Waliiita kideo cha kweli. Na Apolinari aliionyesha mpaka kwenye kicheko tu. Callixte alipoanza kusema habari za mama, kijana aliisimamisha akairudisha mwanzo. Baadaye nilipomuuliza kwa ukali, alinijibu bila aibu: "Mama, hapo wanalia. Nani atalipa aone kilio? Kilio kipo kwao."

Callixte alikutana nayo alipopeleka asali mjini. Watoto walimkimbilia nyuma ya baiskeli wakihesabu kwa sauti. Sokoni, mama mmoja wa Kisukuma aliyeitwa Nyanzala, muuza maziwa, akamkazia macho. "Wewe si yule wa kideo? Mayo! Kumbe ni mtu mzima hivi!" Akaita wenzake waje wamwone. Mdogo wangu akaulizia kideo ni kipi, akaelekezwa, akaingia bandani kama mteja mwingine yeyote, akajiona.

Aliporudi hakusema kitu, lakini yeye kutosema haikuwa dalili ya jambo lolote. Tulijua kutokana na wengine. Na tulijua baadaye sana kwamba kila alipokwenda na asali aliingia bandani, akakaa benchi la nyuma, akatazama. Kwa nini alikwenda, sijui. Labda alitumaini siku moja kijana yule atasahau kuisimamisha, na watu wasikie sehemu iliyobaki. Ninachojua ni kwamba alimsamehe mkewe mara moja, kwa moyo wote, na ile mashine ikamtaka amsamehe upya kila siku, na Jumapili mara mbili. Nani anaweza?

Séverine aliposikia alilia kwa hasira. "Kesi iliyonywewa inafukuliwa na jenereta?" alisema. "Twende wifi. Nakwenda kuichukua ile kanda, nikishindwa nitaimeza." Tukaomba vibali vya kutoka makazini, tukapanda lori la mahindi, na njia nzima alinieleza atakavyomshika Apolinari kwenye ukosi. Nilimwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba mwiko kwenye kikapu.

Lakini yule kijana alikuwa mjanja. Hakubishana. Aliinama, akamwita wifi yangu mama, akatuweka benchi la mbele na soda mkononi. Akawatangazia watu: mwenyewe kaja! Wakapiga makofi. Wanawake wakapita mbele kumshika mkono. Nyanzala akamvisha kanga mpya mabegani, akasema, "Umenisemea mimi. Wangu anahesabu ng'ombe hata usingizini." Kisha taa ikazimwa, na wifi yangu akajiona.

Nilimtazama yeye, sikutazama kideo. Mwanzoni alijifunika macho. Kisha akatoa kidole kimoja. Kisha akasogea mbele, mdomo wazi. Mtoto yule aliyelelewa kwa makofi, aliyechekesha jikoni na visimani, alikuwa anaona ukumbi mzima umeinama kwa ajili yake. Alicheka. Alijicheka mwenyewe kwa furaha safi kabisa, na pale ndipo nilipopaswa kutoa mwiko wangu, lakini nilikuwa nacheka pia.

Tulirudi bila kanda. Njiani aliniuliza, "Wifi, umeona jinsi mkono wangu ulivyo mzuri pale?"

Tangu hapo akawa Séverine wa kideo. Akipita sokoni anaitwa, naye anaitika kwa mikono miwili. Hakuwa mbaya. Nasema hivi kwa sababu wapo waliosema aligeuka mbaya, na mimi nimegombana nao. Alikuwa amepewa kitu kikubwa kwa mara ya kwanza, na hakuona kimeng'olewa kwenye mwili wa nani.

Kabla mvua za Elnino hazijakata barabara, Apolinari akaja tena na kamera. Alisema watu wanauliza wale wawili waliishia wapi. Nilijua Callixte atamfukuza. Badala yake alikubali upesi, akavaa shati la kanisani, akaenda mwenyewe kwa jirani kutafuta mtungi. Nilielewa. Alitaka waone wakinywa. Alitaka Nsemulwa yote ione kwamba ile kesi ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa mzuri.

Wakakaa uani, mtungi katikati, mirija miwili. Wakanywa. Callixte akamwangalia mkewe, akajaribu kusema lile neno lake la kuwahesabu watu wa nyumba yake, akalisema kwa shida mbele ya kioo kile cha kamera. Apolinari akashusha kamera, akapiga miayo. Alipiga miayo kweli.

"Baba, hiyo nzuri, lakini imepoa," alisema. Akamgeukia Séverine. "Mama, basi kile kidogo tu. Watu wako wanakisubiri."

Séverine akamtazama mumewe, akacheka kama anayeomba ruhusa, na hakusubiri apewe. Akachuchumaa. Akahesabu, akakosea, akajikuna. Tukatabasamu, ni ile ile. Lakini ile ile haimtoshi mtu aliyekwishapigiwa makofi. Akageuza shingo kana kwamba ana mtoto mgongoni. Akawa mwanamke wa msituni. Akahesabia kiganja cha kwanza, akahesabia cha pili, akafika cha tatu, akashangaa, akatafuta mtoto mgongoni, akatafuta chini ya kigoda, akatoa macho kwenye kamera.

Apolinari alicheka mpaka kamera ikayumba. Hakujua anacheka nini. Sisi tulijua.

Nilisimama nimpige. Sijawahi kumpiga wifi yangu, na siku ile mkono ulikuwa umeshainuka. Lakini nikamwona Callixte. Alitoa mrija wake mtungini, akaufuta kwa kiganja, akauweka chini taratibu. Akamsubiri mgeni amalize kufunga vitu vyake. Akamsindikiza mpaka barabarani, kama desturi ilivyo, akamtakia safari njema.

Séverine alibaki amechuchumaa. Nadhani alijua kabla hajasimama.

Callixte hakugomba. Alikwenda Ugalla kwenye mizinga, akakaa huko, akarudi na asali ya watoto, akakarabati paa, akaondoka tena. Kila safari alikaa muda mrefu zaidi. Akiulizwa anasema nyuki ni wengi mwaka huu. Akila kwake, alikula alichopewa, akashukuru. Hakuhesabu tena kitu chochote. Séverine alikuwa akiweka ungo mbele yake makusudi, na yeye anaupita kama anavyopita ungo wa jirani.

Mvua zilipokwisha, wifi yangu alifanya jambo ambalo sijasikia mwingine amelifanya. Alipika pombe ya mtama, mtungi mzima, akaubeba mwenyewe kichwani hadi kwa Mzee Methusela. "Mimi nimefukua kesi iliyonywewa," alisema. "Nimefukua na mambo ya marehemu. Faini hii hapa. Mwiteni mume wangu."

Wakamwita. Akaja kutoka Ugalla, akakaa mahali pa mume, mikono magotini. Séverine akasema yote bila kuigiza, amesimama wima kama mtoto wa shule, akijishtaki mwenyewe mpaka wazee wengine wakaangalia chini. Kisha Mzee Methusela akagonga fimbo.

"Callixte. Una shauri gani na mkeo?"

"Sina, wazee."

Mzee alidhani hakusikia. "Amekukosea. Amesema mwenyewe. Sema ulivyoumia, tuamue, mnywe."

"Sina shauri naye."

"Mshtaki!" Mimi ndiye niliyepiga kelele, mimi ambaye sikuwa nimepewa nafasi ya kusema. "We Callixte, mshtaki basi!"

Mdogo wangu aliniangalia, akawageukia wazee. "Ile siku ya kwanza alinisema kwa uchungu," alisema. "Nikajua mke wangu anaumia kwa ajili yangu, nikafurahi hata nilivyochekwa. Siku ya pili hakuwa anaumia na kitu. Sasa nimshtaki nini? Kucheza sio kosa. Nyie mkanywe tu, mtama usiharibike."

Wazee wetu walikuwa wamesuluhisha visu na panga. Walikuwa na neno la mwizi, neno la mzinzi, neno la aliyeua ng'ombe wa mwenzake. Hawakuwa na neno la mtu asiyedai. Mzee Methusela alishika fimbo yake, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka. Callixte aliwaaga mmoja mmoja kwa mikono miwili, akachukua baiskeli.

Séverine akamkimbilia. Alimkuta barabarani akamshika usukani, akamwambia ampige. Akamwambia amtukane, amtukanie mama yake aliyekufa, walingane. Alilia, alimpiga yeye ngumi za kifua, akamwita majina ambayo siyaandiki. Callixte alisimama akasubiri, baiskeli ameiegemeza kwenye paja, mpaka maneno yakamwishia.

"Rudi, Mama Aristide," alimwambia. "Jua kali hili, utaumwa kichwa."

Alisema kwa upole, kama angemwambia mwanamke yeyote aliyemkuta njiani. Kisha akapanda akaenda. Wifi yangu alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na mimi nikaenda kumnyanyua.